Vigae vya Nguzo ya Tatu

Sajini alikuwa ameshaimaliza kesi kabla inspekta hajashuka kwenye gari.

"Tumempata, afande," alisema huku akimshikia mlango. "Yule mchora kuta anayejiita Moshi. Tumemkuta chini ya daraja asubuhi hii, mikono imejaa rangi. Hata hakukimbia. Kasema mwenyewe, ni mimi."

"Kasema kwa nini?"

Sajini akajikaza asicheke. Kituo kizima kilimwita mwanamke huyu Inspekta Kwanini. Wenzake walimtania kwa swali hilo, wahalifu walimchukia kwalo, na mumewe alishalizoea kama mtu anavyozoea bawaba inayolia nyumbani kwake.

"Kwa nini tena, afande? Uhuni tu."

Kwanini akashuka ngazi za zege mpaka kwenye njia ya waenda kwa miguu, iliyopita chini ya daraja kando ya mto. Juu ya kichwa chake magari yalikuwa yakinguruma kuelekea mjini. Daraja lile lilikaa juu ya nguzo tano nene, na kila nguzo ilibeba uso wa mtu uliotengenezwa kwa vipande vya vigae vya rangi: muuguzi, fundi viatu, mwalimu, zimamoto, na bibi mmoja mwenye macho makali aliyekuwa katikati yao. Kila uso ulikuwa mpana kuliko mlango wa gari la mizigo. Maharusi walikuwa wakija hapa kupiga picha. Sasa nyuso zote tano zilikuwa zimeharibiwa.

Alianza na muuguzi. Mtu alimpiga nyundo ovyo, mashavuni na mdomoni, pale ambapo mkono ulioinuliwa unafika. Paji la uso lilikuwa zima. Chini, vipande vilitapakaa na kulia chini ya viatu kama mchele mbichi. Kwa fundi viatu hali ilikuwa hiyo hiyo. Kwanini akainama, akaokota kipande cha sikio, akakirudisha palepale.

Nguzo ya tatu, ya yule bibi, ilikuwa habari nyingine. Toka chini mpaka juu kabisa ambako mtu hafiki bila ngazi, hapakuwa na kigae hata kimoja. Palikuwa na saruji tupu, laini, ya rangi ya jivu, ila madoa meusi yaliyofutwafutwa usawa wa kifua. Na chini yake pasafi, kama sebule ya mtu anayengoja wageni.

"Wafagiaji wa manispaa watakuwa wamepita," alisema Sajini.

"Wakafagia nguzo moja, wakaacha nne?"

"Labda walichoka, afande."

"Walianzia katikati, wakachoka hapohapo."

Sajini akaangalia viatu vyake. Kwanini akaweka kiganja juu ya saruji. Ilikuwa ya baridi na yenye unyevu. Akaikwaruza kwa ukucha, ukucha ukaacha mstari.

"Piga picha hapa," alisema. "Kwanza mstari huu, kisha nguzo nzima, kisha sakafu. Halafu piga na zile nyingine, tulinganishe."

Mwanamke mmoja mnene, mwenye kitambaa kichwani na mikono iliyojaa makovu madogo madogo, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mbele ya nguzo ya nne. Alikuwa akiokota vipande na kuvitenganisha kwa rangi, vyekundu huku, vya bluu kule. Huyu ndiye aliyezitengeneza nyuso zile zote. Mji mzima ulimjua kwa jina la Bi Vigae.

"Mama, nakuomba usiguse kitu," alisema Kwanini. "Hapa ni eneo la tukio."

"Tukio lenyewe ni langu," alijibu Bi Vigae bila kuinua macho. "Naanza upya leo. Wakivunja tena, nitaanza tena. Mimi umri wangu huu sina kazi nyingine."

"Nisaidie kwanza, halafu utaanza. Nani anakuchukia?"

"Wengi, mwanangu. Mji ukiutia rangi, lazima kuna atakayenuna. Wapo walioniambia vigae vyote hivi ningewatengenezea vyoo."

"Na Moshi?"

"Tuligombana. Kuta hizi alikuwa akizichora yeye kabla yangu. Alinitukana, nikamtukana, nikamshinda kwa sababu mimi nina mdomo mrefu zaidi. Lakini yule kijana hawezi kuvunja. Ana kiburi cha kuchora juu ya kazi ya mtu. Cha kuvunja hana."

Kwanini akachuchumaa karibu naye. "Huyu wa tatu alikuwa nani?"

Mikono ya Bi Vigae ikatulia. "Shangazi yangu. Ndiye aliyenilea. Na ndiye aliyenisumbua kuliko wote hapa, kama alivyonisumbua alipokuwa hai. Kidevu chake."

"Kidevu kilikuwa na nini?"

"Kilikuwa kinapasuka. Nabandika kigae, kinapasuka. Nabadilisha, kinapasuka tena palepale. Baadaye mstari ukaanza kupanda, ukapita mdomo, ukapita pua, ukaingia kwenye jicho. Nikamfuata mhandisi wa madaraja pale manispaa, nikamweleza. Akaniambia gundi yangu mbovu."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia gundi hiyohiyo imeshika nyuso nne nyingine, mbona hao hawapasuki? Akanionyesha mlango."

Kwanini akageuka kuitazama tena ile saruji tupu. Akasimama, akapangusa magoti.

"Twende kituoni," alimwambia Sajini. "Nataka kumsikia Moshi kwa masikio yangu."

*

Moshi alikuwa mwembamba, wa umri wa kama miaka thelathini, na ovaroli lake lilikuwa na rangi nyingi mno hata hukuweza kusema lilizaliwa na rangi gani. Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, viti vitatu na dirisha linaloangalia maegesho. Alikaa amekipandisha kidevu, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

"Ni mimi," alisema kabla hajaulizwa. "Andikeni."

"Sina haraka ya kuandika. Ulitumia nini?"

"Nyundo."

"Iko wapi?"

"Mtoni."

"Ulianza na nani?"

"Muuguzi. Halafu nikaenda hivyohivyo mpaka mwisho. Nyundo juu ya nyundo, wote watano."

"Na yule bibi wa katikati?"

"Yule nilimpiga mpaka vipande vikaniruka usoni."

"Vikaanguka wapi?"

"Chini, afande. Vingeanguka wapi, juu?"

Sajini, aliyekuwa amesimama mlangoni, akakohoa kuficha kicheko. Kwanini alingoja amalize.

"Moshi, chini ya bibi yule hakuna kipande. Na hakupigwa. Alibanduliwa kwa tindo, kigae kimoja kimoja, halafu mtu akamsiriba saruji, akaisawazisha kwa mwiko. Wewe ulikuja na ndoo ya saruji?"

Kidevu cha Moshi kikashuka kidogo.

"Nionyeshe mikono."

Akaiweka mezani. Rangi nyeusi ilikuwa imemchuruzika toka vidoleni mpaka kwenye viwiko, na ndani yake mlikuwa na punje za kijivu. Kwanini akaisugua punje moja kwa kidole gumba.

"Wewe umepuliza rangi miaka yote hii, na leo ndiyo inakumwagikia kama mwanagenzi? Kwa nini?"

Moshi akaiondoa mikono mezani. Alipofungua mdomo tena, majivuno yale ya kupigwa picha yalikuwa yamekwisha.

"Ukuta ulikuwa mbichi. Rangi haishiki saruji mbichi, inateleza. Nilijaribu kuifuta kwa mikono."

"Kwa hiyo uliukuta hivyo."

"Nilikuta zote zimeshaharibiwa. Nikaona ile nguzo tupu, nikasema leo shangazi yake kanipisha, nichore."

"Basi kwa nini ujitwike mzigo usio wako?"

"Afande, mimi nachora mji huu tangu sijaota ndevu. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza jina langu. Leo mmenikamata, waandishi wa habari wamejaa pale nje, wote wananiita." Akaangua kicheko kifupi kisicho na furaha. "Bi Vigae akivunjiwa, mji unalia. Mimi wananifuta kwa chokaa kila mwezi. Nikasema acha leo nivume hata kwa ubaya."

"Utavumia gerezani. Ulimwona mtu?"

"Gari la manispaa, lenye ngazi mgongoni, lilikuwa linaondoka. Nilidhani wamekuja kuangalia uharibifu. Halafu nikajiuliza, jua hata halijatoka, nani wa manispaa anaamka saa hizo?"

Mlango ukafunguliwa. Mkuu wa kituo akaingia na simu mkononi, akamwita Kwanini kwa kidole. Walisimama kwenye ujia.

"Meya amenipigia," alisema Mkuu. "Wiki ijayo wakaguzi wa wizara wanakuja kulikagua lile daraja. Hataki wageni wakute kelele za magazeti. Mtu wetu anakiri, au siyo?"

"Anakiri jambo asilolifanya, afande."

"Usinianzie. Mtu kasema ni mimi, wewe unamwambia si wewe?"

"Kwa nguzo nne ningeweza kukuelewa. Kwa ya tatu, hapana. Na wakaguzi ulionitajia sasa hivi ndio wamenifungua macho."

"Jioni nataka faili mezani kwangu."

"Utalipata, afande. Ila sijui litakuwa na jina la nani."

Akarudi chumbani, akamwambia Sajini amtoe Moshi nje kwa mlango wa nyuma, mbali na kamera.

*

Bi Vigae hakuwa ameondoka chini ya daraja. Kwanini alipomwomba tindo na nyundo, mama yule alimkabidhi, kisha akamshika kiwiko.

"Usipige kwa hasira. Laza tindo, iteleze chini ya saruji, yenyewe itaachia."

Saruji iliachia kweli. Ilianguka bamba baada ya bamba, kama gamba la mkate uliokauka. Sajini alipiga picha kila kilipoanguka kipande. Walipofika usawa wa kifua, Kwanini akaacha kupiga.

Zege la nguzo lilikuwa limepasuka. Ufa ulianzia chini ya saruji iliyobaki, ukapanda ukipinda kidogo, ukapotea juu ambako ngazi pekee ingefika. Haukuwa uzi wa rangi au mkwaruzo. Kwanini akatoa kalamu mfukoni akaichomeka kupima. Kalamu ikaingia yote, ikamteleza vidoleni, ikaangukia huko ndani.

Juu yao lori likapita. Vumbi jembamba likachuruzika toka kwenye ufa, likamwangukia Sajini begani. Sajini akalitazama bega lake kama la mtu mwingine.

"Kidevu cha shangazi," alisema Bi Vigae polepole. "Kumbe alikuwa ananiambia."

"Nenda kamlete mhandisi," Kwanini alimwambia Sajini. "Usimwambie kwa nini."

Mhandisi wa madaraja alikuja na shati lililopigwa pasi na viatu vinavyong'aa, akishuka ngazi kwa tahadhari asivichafue. Alipoiona nguzo ilivyovuliwa, alisimama. Akatoa leso akafuta shingo.

"Hujauliza ni nini," alisema Kwanini.

"Samahani?"

"Mtu akionyeshwa ufa kwa mara ya kwanza, huuliza. Wewe umefuta jasho."

"Inspekta, kila jengo lina nyufa. Ufa si lazima daraja lianguke."

"Kama si kitu, uliuficha kwa nini?"

Mhandisi akatazama mto. Kwanini alimwacha atazame. Alishajifunza kwamba kuna watu ambao ukiwasukuma hujifunga, na ukinyamaza hujifungua wenyewe.

"Wakaguzi wangeuona wangelifunga daraja siku hiyohiyo," alisema hatimaye. "Mji huu una daraja moja la magari. Hospitali iko ng'ambo ile. Shule ziko ng'ambo ile. Nilitaka nirekebishe kidogo kidogo, pasipo watu kutiwa hofu. Mimi ndiye niliyesema ni zima. Sahihi yangu ndiyo iliyolifungua."

"Na nyuso nne nyingine zilikukosea nini?"

"Ingekuwa moja tu, mngeuliza kwa nini hiyo."

"Nimeuliza hata hivyo."

Bi Vigae alikuwa amesogea mpaka karibu yake. Alikuwa mfupi kwake kwa kichwa kizima, lakini mhandisi ndiye aliyerudi nyuma.

"Uliniambia gundi yangu mbovu."

"Mama." Mhandisi akameza mate. "Gundi yako haikuwa na kosa."

"Najua. Nilitaka uniambie mbele ya polisi."

Kwanini akaingilia kati. "Ungempitisha mwanao hapa juu leo?"

Mhandisi akaikunja leso, akaikunjua.

"Basi lifunge."

"Sina mamlaka hayo. Ni meya peke yake, na meya neno hilo hataki kulisikia. Nilijaribu."

Simu ya Kwanini ikaita. Ilikuwa ya mumewe.

"Mama watoto, nimeshawachukua shuleni," alisema. Nyuma yake watoto walikuwa wakigombania kiti cha dirishani. "Tunakuja nyumbani, tukupitie?"

"Usipite darajani. Zungukia kule juu, kwenye kivuko."

"Kule ni mbali mno. Kwa nini?"

Siku nyingine yoyote angecheka, kusikia swali lake likimrudia. "Zunguka tu, baba watoto. Nakuomba."

Akakata simu. Juu, basi lilikuwa linapita, na abiria wawili watatu walikuwa wakicheka kwa sauti. Vumbi likachuruzika tena. Kwanini alisimama akilisikiliza basi lile mpaka lilipomaliza daraja.

"Umenisikia nilivyomwambia mume wangu?" alimuuliza Sajini.

"Nimesikia, afande."

"Na hao?"

Sajini akainua macho juu.

"Lete utepe."

"Utepe wa nini, afande? Tumeshazungushia huku chini."

"Eneo la tukio ni nguzo. Nguzo imebeba barabara. Tunazungushia na juu."

"Juu hakuna kilichoharibiwa."

"Bado," alisema Kwanini, akaanza kupanda ngazi.

Walimweka mhandisi kwenye kiti cha nyuma cha gari la polisi, kisha wakaliegesha gari lenyewe upande upande, katikati ya barabara, mahali daraja lilipoanzia. Kwanini akafunga utepe toka kwenye nguzo ya taa hii mpaka ile. Sajini alikimbia kuvuka kwenda ng'ambo, akasimama katikati ya njia ametanua mikono. Kwa mara ya kwanza tangu daraja lile lifunguliwe, juu yake hapakuwa na gari.

Honi zikaanza. Dereva mmoja wa teksi akashuka akamtukana Kwanini, akamtukania na ukoo wake wote. Kwanini akamwambia, "Ndugu yangu, ukimaliza matusi shuka ngazi hizo ukaone. Ukipanda bado una hamu ya kuvuka, tutaongea." Dereva alishuka akiwa bado anafoka. Alipopanda hakuongea naye. Alikwenda moja kwa moja kwenye gari lililokuwa nyuma yake, akainama dirishani, na Kwanini akaona dereva wa pili naye akizima injini. Bi Vigae akaleta ndoo yake, akaipindua katikati ya lami, akaketi.

Mkuu wa kituo alikuja na gari lake mpaka utepe ukagusa boneti.

"Nani kakuruhusu?"

"Taratibu za eneo la tukio, afande. Anayepita anaharibu ushahidi."

"Meya yuko kwenye simu hii."

"Nisalimie."

"Inspekta, toa utepe."

"Sitoi."

Katika miaka yote waliyofanya kazi pamoja hakuwahi kumjibu hivyo, na wote wawili walilisikia neno lile likitua. Kwanini alikuwa amekausha uso, akauzungusha utepe mara moja zaidi kiganjani.

"Ukate mwenyewe," alisema. "Nakuheshimu, afande, sitakuzuia. Ila ukikata, wewe ndiye uwe wa kwanza kupita."

Mkuu akamgeukia dereva wake, mtu mkimya aliyemwendesha tangu enzi za cheo cha chini, asiyewahi kusikika akitoa maoni yake hata juu ya hali ya hewa.

"Washa gari. Tunapita."

Dereva hakusogeza mkono. "Afande, ulipokuwa bado garini ukiongea na meya, nimeshuka pale chini. Nimeingiza vidole vyangu kwenye ule ufa." Akavitazama vidole hivyo. "Mimi sipiti. Unisamehe."

Honi zilikuwa zimepungua. Nyuma ya Mkuu, watu walikuwa wakishuka kwenye magari, wengine wakienda kwenye ngazi, wengine wakipanda kutoka huko na nyuso zilizobadilika. Simu ilikuwa ikimwita Mkuu kwa jina toka kiganjani. Akaitazama, asiijibu.

"Jumatatu utajieleza mbele ya kamati," alimwambia Kwanini.

"Nitajieleza, afande. Ila utepe umeniishia, na upande ule Sajini anawazuia watu kwa mikono mitupu."

Mkuu akaitia simu mfukoni. Kisha akageuka kuelekea kwenye gari lake, na akakuta dereva ameshafungua buti, anatoa utepe.